Aliyetangulia Kuvuka

Jumamosi, 1 Novemba

Shemeji Aristide, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuja leo kutoka Croydon, kusini ya London, na mkewe Stéphanie. Alikataa chai, ndipo nikajua amekuja kwa jambo. Alisema mwaka unakaribia, na matanga ya mwanangu Lambert yataondolewa Jumamosi ya tarehe 7 Machi, siku moja kabla ya mwaka kutimia, ili watu waje bila kuomba ruhusa kazini. Ukumbi wa kanisa ameshauomba. Kisha akasema lile lililomleta.

"Siku ile nitauliza mbele ya watu: nani alikuwa naye? Na weye mama yake utajibu. Ukisema Ghislain, imekwisha. Hatutamusalimia tena. Kwenye harusi, kwenye kilio, kwenye ubatizo, tusimuone."

Nikamuuliza kama ni lazima.

"Mutoto hawezi kufa hivi hivi, shemeji. Walienda wawili, akarudi mumoja. Aliyerudi ajibu."

Nikasema sawa. Sikusita. Naandika hapa nikumbuke kwamba sikusita.

Jumapili, 2 Novemba

Ghislain hakuja kanisani. Hajaja tangu mazishi, siku Aristide alipomsimamisha mlangoni mwa ukumbi na kumrudisha. Zamani alikaa mstari wa tatu na Lambert, halafu wote wawili walikuja kwangu Kilburn kula. Ghislain hana mama. Aliletwa nchi hii na mjomba wake, na mjomba akahamia Kanada akamwacha. Kwa miaka kumi alikula Jumapili zake mezani kwangu. Alipenda sombe, majani ya muhogo ya siku ya pili, yale yaliyolala kwenye friji.

Leo nilipika kidogo. Bado nikapika kupita kiasi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Shifti mbili.

Jumatatu, 10 Novemba

Mzee Suresh amenigombeza kwa sababu ya tangawizi. Ni mzee wangu wa asubuhi, ninamwosha, ninamvalisha, ninampikia. Alizaliwa Mwanza, akauza vipuri vya baiskeli huko mpaka wazazi wake walipohama, akaendelea kuviuza hapa. Kiswahili chake hakijaota kutu hata kidogo.

"Mama, hii ni chai au maji ya kuoshea sufuria?"

"Ni chai, mzee."

"Mungu akusamehe."

Kisha akainywa yote akaomba nyingine. Binti yake Nishma huniambia kwa siri kwamba siku za mapumziko yangu baba yake hali chakula vizuri. Mzee anajua kwamba nimefiwa. Hajawahi kuniambia pole. Aliniuliza tu mara moja, "Alikuwa anapenda kula nini?" Nikamwambia. Hilo lilinitosha.

Jumanne, 18 Novemba

Kumeganda leo. Vioo vya magari vyote vyeupe. Nilikanyaga nyasi za bustani pale nyuma ya kituo, zikalia chini ya kiatu, na nikakumbuka theluji yetu ya kwanza.

Lambert alikuwa na miaka kumi. Tulitoka kwenda shule na njia yote ilikuwa nyeupe, hakuna lami, hakuna majani. Watoto wengine walikuwa wanarushiana. Yeye alisimama mlangoni akangoja nipite. Kisha akaja nyuma yangu akiweka mguu wake ndani ya alama ya mguu wangu, mmoja mmoja, mpaka shuleni. Nilipogeuka niliona nyayo za mtu mmoja tu. Nilicheka sana siku ile. Nilimwambia, "Hapa ni London, tembea unavyotaka." Hakunisikia, au hakutaka.

Jumatano, 26 Novemba

Nimefungua koti la Lambert la milimani. Tangu liliporudishwa kutoka Uswidi lilikuwa kwenye mfuko nyuma ya mlango. Mfukoni mlikuwa na kitabu kidogo cha Kiingereza, kurasa kama arobaini, zilizolowa zikakauka. Kinaeleza jinsi ya kuendesha pikipiki ya theluji milimani na kuepuka hatari zilizofichwa na theluji. Amepiga mistari kwa penseli. Pembeni ameandika mara mbili: *G anajua hii.*

G ni Ghislain. Yeye ndiye aliyempeleka Uswidi mara ya kwanza, miaka mitatu kabla ya ajali. Wote walifanya kazi ghala moja huko Hayes, wakikusanya siku zao za likizo ili kila Machi waende juma moja kwenye ile milima ya kaskazini. Sikuelewa kamwe wanakwenda kutafuta nini. Lambert alinionyesha video, mashine inakimbia na nyuma yake theluji inaruka kama unga wa muhogo. "Mama, huko hakuna mtu anayekuuliza karatasi za kukaa," alisema. Nilimwambia avae soksi mbili.

Nataka kukisoma kitabu hiki. Nataka kujua Ghislain alijua nini.

Jumanne, 2 Desemba

Kiingereza cha kitabu ni kigumu, nikakipeleka kwa Mzee Suresh. Macho yake hayaoni herufi, mimi naona herufi lakini sijui maneno. Basi mimi nasoma kwa sauti, yeye ananisahihisha, tena kwa dharau, na kunifafanulia.

Tumesoma kwamba theluji inalainisha mlima ili macho yaone uwanja. Chini yake kuna mawe, magogo, waya za uzio wa kondoo, mashimo kuzunguka mashina ya miti. Kuna kingo za theluji zinazoning'inia hewani ambazo mtu huzidhania ni ardhi. Siku ya mawingu mazito hakuna kivuli, na pasipo kivuli dereva haoni shimo hata likiwa mbele ya pua yake.

Mzee akasema, "Ngoja." Akachukua sahani ya kikombe, kijiko, rimoti, na ndizi, akavipanga juu ya mapaja yake akavifunika kwa blanketi. "Mimi ni mlima. Niambie ndizi iko wapi."

Nikatazama. Nikaonyesha uvimbe mmoja.

"Hilo ni goti langu. Umekufa."

Nilicheka. Halafu nikaenda jikoni nikakaa huko muda. Niliporudi alikuwa ameshamenya ndizi, na nusu ameniwekea.

Jumatano, 10 Desemba

Usingizi hakuna. Mvua.

Jumanne, 16 Desemba

Leo tumefika sura ya madaraja.

Kijito cha mlimani hakigandi chote. Maji yanaendelea kupita chini, na theluji inajijenga juu yake kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ukiwa juu huoni chochote, labda mstari uliobonyea kidogo, labda vichaka vimesimama kwa kufuatana. Kuelekea mwisho wa baridi jua linalipunguza daraja hilo kwa juu na maji yanalila kwa chini. Kitabu kinasema: usipite ukiweza kuzunguka. Ukilazimika kupita, shuka, pima kwa fimbo ndefu. Kisha apite mmoja tu. Wengine wangoje mahali salama mpaka afike, na hata hapo wasipite katika njia ileile, kwa sababu wa kwanza anaweza kuvuka na kuliacha limevunjika ndani bila mwenyewe kujua.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mzee hakunisahihisha.

Maziwa yalikuwa yamechemka yakatulia, na malai, ule utando wa mafuta, imeshika juu. Mzee akaweka punje ya iliki juu ya malai. Ikakaa. Akaweka ya pili palepale. Malai ikapasuka, zikazama zote.

"Basi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Lambert alizama katika kijito. Hilo nilijua. Ghislain alipita, Lambert akazama. Lakini leo nimejua kwamba kuna kanuni, imeandikwa, mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa. Na *G anajua hii.* Kama alijua, kwa nini hakumwambia mwanangu angoje? Alishindwa nini kuinua mkono? Aristide ana haki. Nitasema jina lake tarehe 7 Machi, na nitalisema kwa sauti.

Alhamisi, 25 Desemba

Binti yangu Armelle alipika yeye. Tulikuwa wawili. Aliweka sahani tatu, akaona, akairudisha moja kabatini taratibu ili isilie. Mimi nikajifanya natafuta chumvi.

Jumatatu, 5 Januari

Theluji kidogo asubuhi, ya kudhihaki tu. Saa nne ilikuwa tope.

Jumatatu, 12 Januari

Ripoti ya polisi wa Uswidi imefika. Armelle ndiye aliyeiomba. Shemeji Aristide alisema tangu mwanzo kwamba karatasi haina maana, kilichomuua mtu kinajulikana. Armelle hakumjibu, akaandika barua yake kimya kimya, akangoja miezi minne. Ana miaka ishirini na mbili na ukaidi wa babu yake.

Tuliketi mezani. Aliielekeza simu juu ya karatasi ikawa inageuza Kiswidi kuwa Kiingereza, naye akanisomea. Kiswahili anakisikia chote lakini hanijibu kwacho, ni hivyo tangu shule. Mimi naandika hapa kwa Kiswahili alichosema.

Walifika kwenye kijito karibu na saa tano na dakika arobaini. Anga lilikuwa jeupe, bila kivuli. Wa kwanza alisimama, akashuka, akapima kwa fimbo, akavuka polepole. Alama zilionyesha kwamba wa pili alifuata katika njia ileile kabisa, nyuma kwa mita zisizozidi nane. Daraja lilivunjika chini ya wa pili. Alianguka zaidi ya mita mbili. Maji yalikuwa ya magoti tu. Mashine ilimlalia.

Ya magoti tu. Mwaka mzima nimemwona katika ndoto akiwa ndani ya mto mkubwa.

Nikamwambia Armelle aendelee. Shahidi, yaani Ghislain, aliingia majini akajaribu kuinyanyua mashine peke yake kwa muda unaokadiriwa kuwa dakika ishirini na tano. Shahidi alieleza kwamba kabla ya kuvuka aliinua mkono kuashiria mwenzake asimame na kungoja. Alipofika ng'ambo aligeuka akamwona mwenzake ameshaingia darajani.

"Soma tena hapo pa mkono," nikasema.

Akasoma tena.

Aliinua mkono.

Jumanne, 13 Januari

Kama aliinua mkono, kwa nini Lambert hakusimama? Alikuwa mtoto wa kusikia. Hakuwahi kuvuka barabara kabla ya taa ya kijani.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda Hayes. Nilingoja nje ya ghala mpaka shifti ya asubuhi ilipotoka saa nane. Mvua nyembamba, ndege zinashuka juu ya vichwa vyetu moja baada ya nyingine. Nilimwona kabla hajaniona. Amekonda. Alikuwa anatembea na wenzake wakicheka, yeye hacheki.

"Mama," akasema aliponiona, na mfuko wake ukaanguka.

"Usiniite mama kwanza. Nijibu."

Wenzake wakapita wakiangalia chini. Mmoja, kijana anayeitwa Munir, akauliza kama kuna tatizo. Ghislain akamwambia, "Hapana, ni mama," na Munir akaondoka kana kwamba hilo lilieleza yote.

Tuliketi kwenye kituo cha basi. Nikaona mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho havina ncha. Baridi ya yale maji ilivila. Mwaka mzima nilikuwa namchukia mtu ambaye sikujua amepoteza ncha za vidole.

"Ulimnyooshea mkono asimame?" nikauliza.

"Nani amekwambia?"

"Polisi wameandika."

Basi likaja, likafungua mlango, likafunga, likaenda.

"Basi kwa nini hakusimama?"

"Mama, mimi ndiye nilikuwa mbele."

"Sikuulizi nani alikuwa mbele."

"Mimi ndiye nilipima. Niliona linatosha. Mimi ndiye..."

"Ghislain. Mimi nimemzaa. Niambie."

Alifuta uso kwa mkono ule wenye vidole vilivyokatika. Alisema bila kunitazama.

"Kila mwaka tuligombana kwa hiyo. Kila mwaka! Namwambia, bwana, kaa mbali, ngoja nivuke, halafu upite kando yangu, si juu yangu. Anasema ndiyo, ndiyo. Anachora mistari kwenye kitabu. Tukifika mahali pabaya, pale hasa pabaya, namkuta mgongoni mwangu. Siku moja nikamshika koti. Nikamwambia, utaniua na utajiua. Akacheka. Akasema, 'Weye hukutembea na mama yangu. Mama alituvusha pori lote. Alisema, kanyaga pale ninapokanyaga, usiniache hata hatua mbili. Waliomwachia nafasi hawakufika.' Nikamwambia, hapa si Masisi. Akasema, 'Najua. Lakini miguu haijui.'"

Sikumbuki nilisema nini.

Mwaka wa 2004 tulikimbia vita vya Masisi, tukiwa watu kumi na mmoja porini. Baba yao alikuwa ameshakufa. Armelle alikuwa mgongoni kwangu, Lambert ana miaka sita. Chini kulikuwa na mabomu, na matope yanayomeza mtu, na mashimo yaliyochimbwa yakafunikwa kwa majani. Niliwaambia wote, lakini zaidi yeye: kanyaga pale ninapokanyaga. Usiniache hata hatua mbili. Nilimwambia siku tisa mfululizo. Nilimfinya alipochelewa. Nilimpiga mara moja alipotoka kwenye nyayo zangu kufuata kipepeo. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Tulifika tisa. Wawili waliotuachia nafasi walipotea.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza mwishowe. "Mwaka mzima wanakutukana."

"Ningesema nini? Nisimame mbele ya jeneza niseme ni maneno ya mama yake?" Akatikisa kichwa. "Niache mimi nibebe. Mimi nimezoea kuwa peke yangu. Weye hauwezi kubeba hii."

Nikapanda basi lililofuata. Sikumuaga. Nilipokaa nikaona kwamba nimeshika mfuko wake na yeye amebaki na mwavuli wangu.

Jumatatu, 19 Januari

Sikuenda kazini.

Alhamisi, 22 Januari

Sikuenda.

Ijumaa, 30 Januari

Nimerudi kazini. Mzee Suresh alitazama uso wangu akanywa chai bila kuitukana.

Jumanne, 3 Februari

Mvua tangu juzi. Nikitembea kwenda kituoni nashindwa kuweka mguu chini bila kuuangalia.

Jumamosi, 14 Februari

Shemeji amepiga simu. Ukumbi umethibitishwa, samaki wameagizwa, watu sitini. Akanisomea atakavyouliza na nitakavyojibu. "Sentensi moja tu, shemeji, usijichoshe." Nikasema nimesikia. Kusema nimesikia si kusema ndiyo. Lakini nilijua yeye atalichukua kuwa ndiyo, nikamwacha alichukue.

Ni rahisi sana. Sentensi moja, na haitakuwa hata ya uongo. Nani alikuwa naye? Ghislain. Nikikaa chini baada ya hapo, watu watalia na mimi, watanishika mabega, nitabaki mama aliyeibiwa mtoto. Ghislain mwenyewe ameniomba hivyo. Anabeba vizuri, hapigi kelele.

Ijumaa, 20 Februari

Nimemweleza Mzee Suresh yote. Nilitaka aniambie niseme. Aliniambia ninyamaze.

"Kijana ana mabega. Wewe una magoti mabovu. Nyamaza, uzeeke."

"Lakini si kweli, mzee."

"Mama, mimi nimeuza vipuri miaka arobaini. Ukweli haufungi gurudumu."

Nilikasirika. Nikamfunga vifungo vya shati kwa nguvu mpaka akasema aa. Kufika mlangoni nikajua kwamba nimekasirika kwa sababu alisema lile nililotaka, na nilipolisikia kwa sauti ya mtu mwingine lilikuwa baya.

Jumamosi, 28 Februari

Nilimwambia Armelle usiku wa jana. Nilimwogopa yeye kuliko watu sitini. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaja akaketi sakafuni akaegemea miguu yangu, akasema kwa Kiingereza chake, "Mimi nilikuwa mgongoni kwako. Sikukanyaga popote." Alilia muda mrefu. Sijui alikuwa ananisamehe au anajilaumu kwamba alibebwa. Sikuuliza.

Leo asubuhi nimempigia Ghislain. Nimemwambia aje tarehe 7. Akasema Baba Aristide atamfukuza. Nikamwambia aje, asimame karibu na makoti.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika polepole nisikosee.

Watu walikuja zaidi ya sitini. Viti havikutosha, wanaume wakasimama ukutani. Wimbo, sala, tena wimbo. Ghislain alikuja amechelewa, akasimama pale nilipomwambia, kati ya makoti yaliyolowa. Stéphanie alimwona, akamnong'oneza mumewe. Aristide hakugeuka. Alipandisha kifua akasimama.

"Bandugu, tunafunga matanga ya mutoto wetu. Lakini kabla ya kufunga, nyumba inauliza. Mama Lambert. Siku mutoto alikufa, nani alikuwa naye?"

Nikasimama. Nikashika kiti cha mbele.

"Ghislain alikuwa naye," nikasema.

Watu wakaguna. Aristide akaitikia kwa kichwa, akawageukia.

"Sijamaliza, shemeji."

Akanitazama.

"Ghislain alikuwa mbele. Alishuka akapima njia, akamnyooshea mwanangu mkono asimame. Polisi wameandika. Lambert hakusimama. Na hakusimama kwa sababu mimi mama yake ndiye niliyemfundisha asimwache wa mbele hata hatua mbili. Nilimfundisha kwa mdomo, nikamfundisha kwa kofi. Theluji ilitaka aache nafasi. Hakujua kuacha nafasi. Sikumfundisha hiyo."

"Mama Lambert!" Stéphanie akasema. "Unasema nini?"

"Kaa chini, shemeji," Aristide akasema, kwa upole. "Ni huzuni inasema."

"Huzuni ninayo. Lakini anayesema ni mimi." Nikageuka nimtazame yeye tu, kwa sababu wengine sikuwaweza. "Wewe ulikuwepo porini. Tulikuwa kwenye mstari. Ulikuwa nafasi ya ngapi?"

Akaangalia karatasi aliyoandika swali.

"Shemeji, ulikuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Ulikanyaga wapi?"

Nikasikia friji ya jikoni ikinguruma.

"Pale weye ulikanyaga," akasema.

"Ukafika."

"Nikafika."

Alibaki amesimama na karatasi yake mkononi. Nilifikiri atanipigia kelele. Badala yake sauti yake ikatoka ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa. "Basi mimi nimulaumu nani?"

"Sijui," nikasema. "Nimetafuta majira yote ya baridi."

Nilipogeuka, Ghislain hakuwepo kwenye makoti. Nilimkuta nje, ameegemea ukuta. Alikuwa amekasirika. Sijawahi kumwona amekasirika.

"Nilikuomba," akasema. "Kitu kimoja tu nilikuomba."

"Uliniomba. Nikakataa."

"Sasa watakutazama weye hivyo."

"Wanitazame."

Alilia akiwa amesimama wima, mikono chini, kama askari. Nami nikalia. Hatukushikana. Sikujua kama nina haki ya kumshika. Ndani mtu alianzisha wimbo, wakamfuata wachache, ukafa. Kisha mlango ukafunguka, Aristide akatokea, bila koti. Alitutazama mmoja mmoja. Sijawahi kumwona amezeeka hivyo. Akashika mlango ukiwa wazi, kwa mguu.

"Weye," akamwambia Ghislain. "Ingia ao funga mulango. Baridi inaingia."

Ghislain alinitazama. Kisha akaingia.

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyemkumbatia. Stéphanie alimpakulia samaki na bugali, akaweka sahani mbele yake kwa nguvu kidogo. Wanawake wawili ambao hunisalimia kila Jumapili walitoka bila kuniaga. Nilivua nguo nyeusi chooni, Armelle akinishikia mlango. Gauni la bluu lilinibana.

Jumapili, 8 Machi

Leo ndio mwaka.

Jua, jambo la ajabu. Sikwenda kanisani. Nilifungua dirisha nikakaa.

Saa tano na dakika thelathini hivi simu ikalia. Ghislain. Alikuwa kituoni Hayes, anakwenda shifti ya mchana. Akasema, "Mama." Nikasema, "Abee." Nilisikia ndege inapita juu yake. Sikukata, naye hakukata. Dakika arobaini, saa ile ya kijito, ikafika, ikapita. Basi lake lilikuja, nikalisikia likifungua mlango, likafunga, likaenda. Hakupanda. Tukaendelea kukaa.